Nati Hukazwa kwa Ndani

Simu ililia saa nane na dakika arobaini usiku.
Stathers aliendesha, mimi nikashika chupa ya chai
na karatasi ya anwani iliyoloa.
Hull ilikuwa na baridi ile isiyovuma, inayokaa tu,
kama mgeni asiyejua kuaga.

Zimamoto walikuwa wameshakunja mipira yao.
Walituachia barabara inayotiririka maji meusi
na nyumba moja, katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana mabega,
imeachama.
Dirisha kubwa la mbele halikuwapo.
Pazia lilining'inia nje, zito kwa maji,
likiupiga ukuta taratibu.

Bi Winifred Oxtoby alisimama upande wa pili
ndani ya koti la jirani, mikono haionekani,
miguuni ndara za manyoya.
Hakulia. Alituuliza kama tumekula.

Kazi hii haina maneno mengi.
Kwanza unafagia. Vigae vya kioo huingia ndooni
kwa mlio wa sarafu zisizonunua kitu.
Kisha futikamba: upana, kimo, upana tena,
kwa kuwa ukuta uliopita motoni husema uongo.
Kisha plaiwudi, boriti mbili za kukingama,
bolti ndefu kama mkono wa mtoto,
na nati. Nati hukazwa kwa ndani,
ili mwizi apapase nje usiku kucha
asipate pa kuanzia.

Ubao mkubwa tuliobaki nao haukuwa mpya.
Ulishaziba duka la dawa, ulishaziba baa,
una matundu ya kila jengo ulilolilinda.
Stathers alipoumulika tochi
tukaona rangi nyekundu, herufi zilizopakwa kwa pupa
na muuza nyama fulani, baada ya mafuriko:
TUKO WAZI.

Nikasema, Tuugeuze.
Bi Winifred alikuwa ameshavuka barabara.
Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza.
Halafu kicheko kikamtoka, kibaya, cha moshi,
kikamkunja mpaka akashika kioo cha pembeni cha gari letu.
"Yaelekezeni nje," akasema. "Uongo uko wapi?
Huu mwaka wa arobaini na tatu naishi humu,
sijawahi kuwa wazi kama leo."

Kampuni hairuhusu. Maandishi huita watu.
Nilimwambia hivyo nikitazama viatu vyangu.
Tukayaelekeza ndani,
yakalikabili kochi lililobaki mbavu
na rafu ya sahani ambayo, sijui kwa nini,
moto haukuigusa.
Nikakaza nati ya mwisho gizani,
nikatokea mlango wa nyuma, nikampa ufunguo wa kufuli.
Aliupima kiganjani
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Watu wa bima walisema wiki mbili.

Wiki ya tisa tulitumwa kukagua bolti,
maana mbao hunywa mvua, huvimba, kisha hulegea.
Niliingia kwa nyuma na tochi.
Masizi yalikuwa yamesuguliwa ukutani
hadi pale mkono wake ulipofika;
juu ya hapo, weusi uleule.
Kiti kimoja kiliwekwa mbele ya ubao
jinsi watu wawekavyo kiti mbele ya dirisha.
Na chini ya TUKO WAZI,
kwa penseli, kwa mwandiko wa shule za zamani
unaoegemea kulia:
Lini?

Nikakaza nati zote nne, robo mzunguko kila moja.
Stathers akapiga honi nje.
Nikatoa penseli yangu mfukoni, ile ya kupimia,
nikasimama nayo.