Mpishi Hali

Saa kumi na moja alfajiri, Keko Machungwa,
kitunguu kikigusa tu mafuta
tumbo linasimama kama askari aliyeitwa jina.
Mimi, Tausi, niliyekaanga magunia ya vitunguu
miaka tisa bila kuziba pua,
natoka mbio, upawa mkononi,
hadi mtaroni,
nikarudishe chai niliyoikopa usiku.

Mafundi wanapita na misumeno yao.
"Da Tausi, hali?"
Wamejijibu wenyewe.
Hali. Mpishi hali.
Wali wake unashibisha karakana nzima,
yeye anashiba mate.

Mate! Nani alijua mwili una kisima?
Natema kwenye kopo la siagi,
nalifunika kwa pindo la kanga,
nauliza, "Maharage au dagaa?"
kwa sauti ya mtu asiye na jambo.
Dagaa nimemwachia Shomvi awakaange.
Nikasimama upande upepo utokako.
Upepo wa Keko hauna adabu, ukageuka.

Mama mkwe kaniletea udongo toka Mbagala,
kaufunga kwenye gazeti kama dhahabu.
Unanukia mvua ya kwanza.
Nesi Kokuteta akaushika, akauangalia, akaniangalia:
"Mtoto hajengwi kwa matope. Kwani banda hilo?"
Akaandika kwenye kadi, akapiga mhuri.
"Usingoje njaa, njaa ndiyo inayokiita kichefuchefu.
Kabla hujainuka kitandani, tafuna kitu kikavu.
Donoa. Kula kama kuku, siyo kama kibarua.
Na siku hata maji yakikataa kukaa,
usilale nayo. Njoo."

Udongo sikuutupa.
Uko nyuma ya kopo la chumvi, naunusa tu.
Siku nyingine nalamba. Asiambiwe.

Basi nadonoa.
Kipande cha muhogo wa jana, chini ya mto
(mume wangu analalamikia sisimizi),
ndizi nusu saa mbili, nusu yake saa nne,
uji wa ulezi uliopoa, umekamuliwa ndimu.
Vya moto vina mdomo, vinatangaza toka mbali.
Vilivyopoa vinaingia kimya
kama mpangaji mwenye deni.

Juzi, maharage yakiungwa,
nikakimbilia karakana,
nikaketi juu ya rundo la maranda,
mninga uliochanwa asubuhi hiyo.
Nikavuta pumzi, nikingoja tumbo liseme.
Halikusema.
Nikavuta tena: harufu kavu, tamu,
kama ndani ya kasha la bibi harusi.

Fundi Malekela hakuuliza.
Aliburuta stuli, akaipangusa kwa kiganja.
"Hii haina vanishi. Ikipakwa utaikimbia."
Akarudi kwenye randa yake.

Nikaagiza sahani. Yangu.
Matembele yaliyopoa,
ugali wa kujaza kiganja, ndimu nusu.
Tonge la kwanza likashuka, likakaa.
La pili.
La tano nikalihesabu kwa sauti
na vijana wa msasa wakadakia, "Sita!"
Sita halikuwepo. Nilijua pa kuachia.

Leo saa saba stuli iko palepale,
imefunikwa boksi isiingie vumbi.
Shomvi anapakua, kasahau chumvi tena.
"Da Tausi, hali?"
Mdomo umejaa.
Nanyoosha kidole: subiri.