Makabidhiano

Ghala la ushirika hapa Nyangao nimelitunza miaka kumi na tisa.
Gunia lenye mchanga nililijua kabla halijafika mizanini:
korosho njema hulia zikimwagwa,
zilizoingiwa na unyevu hunyamaza.
Jumamosi ya kuamkia Majilio nikakabidhi.
Msimu haujaisha, ila goti limeisha.
Funguo saba kwenye pete ya waya,
saini mara tatu, karani akagonga muhuri.
“Zimetimia, mama Gaudensia?”
Zimetimia, nikasema.

Wa nane ulikuwa shingoni, chini ya rozari.

Ni wa chumba cha Libori.
Alivuka Ruvuma mwaka ule bei ilipoanguka,
na viatu vipya, na ahadi ya mwezi mmoja.
Kitanda nimekitandika. Kila Ijumaa nafagia,
kisha nafunga.
Nilishamwambia Mungu: chukua vyote, hiki niachie.
Nilisema kwa adabu. Nilisema kikarani:
kwa masharti yafuatayo.

Padri kavaa zambarau, mshumaa wa kwanza umewaka,
na nje joto la Desemba limekaa juu ya mabati.
Mvua hakuna.
Jirani yangu Otmari anafukia mahindi
kwenye udongo mkavu kama unga wa muhogo.
Nikamwuliza, na isiponyesha?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.
“Mimi nafukia. Kunyesha si kazi yangu.”

Jumapili ya pili sikwenda. Goti.

Sista Editha akapita na jua la saa nane.
Chigonela ya hospitali imejaa, akasema,
wajawazito wanalala hadi barazani.
Yuko binti mmoja wa Rutamba, Somoe,
mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia,
mama mkwe kamwacha, karudi na basi.
“Nasikia una chumba.”
Umesikia vibaya, nikamjibu.
Akamaliza maji yake, akarudisha kikombe, akaenda.

Usiku ule nilimfikiria yule msichana wa Nazareti.
Habari yake naisikia tangu nabebwa mgongoni,
ila sikuwahi kuisikia kama mtunza ghala.
Malaika hakuja na fomu.
Msichana hakuuliza Yusufu atasemaje,
wala nani atakuwa shahidi, wala atarudishiwa nini.
Aliuliza swali moja tu, la haki kabisa,
kisha akasema: na iwe.
Hakuna aliyemshika mkono
kumwonyesha pa kuweka dole gumba.

Saa kumi alfajiri nikavua uzi.
Ufunguo ulikuwa umeacha alama ya kijani kifuani.
Kitasa kiligoma, kisha kikakubali.
Sikukuta harufu yake,
nilikuta harufu ya dawa ya mende, na miaka.
Nikakaa kitandani kwake nikalia
kiasi cha kutosha, si zaidi.
Bwana, nikasema, nakukabidhi Libori,
akiwa hai au akiwa vinginevyo.
Uzito wake wa leo siujui.
Sidai risiti.

Somoe analala pale sasa.
Ukuta wa kibla ndio wenye picha ya Mama wa Yesu;
siku ya kwanza alisimama na mkeka mkononi, anasitasita.
“Bibi Mariamu huyu?”
Huyu huyu.
Akaangalia kidogo, akatandika mkeka mbele ya ukuta wa pili,
akageuka nusu, kama anayeomba samahani pande zote.
Usiku namsikia akijigeuza, akihema kwa watu wawili.
Mlango hatuufungi, kwa joto.

Mvua bado.
Otmari amemaliza mbegu, anatengeneza mpini wa jembe.
Na mkono wangu, siwezi kudanganya,
bado hupanda shingoni kutafuta;
hukuta ile alama ya kijani,
na chini yake kitu kinagonga,
taratibu,
kama mtu asiyetaka kuvunja mlango.