Kreti ya Zabibu

Alianza kunifundisha bila mashine,
mjomba Ndahani, kule Mpunguzi,
juu ya kreti ya zabibu iliyopinduliwa,
saa ile ya mchana ambayo hata inzi hutafuta kivuli
na karata hunata kwa utamu uliobaki vidoleni.

"Arubastini unaijua," akasema. "Isahau.
Kule unamsoma mtu: anavyomeza mate,
anavyokohoa akishika ree ya shupaza.
Huyu wa mjini hana koo.
Kioo, vifungo vitano, na kimoja kikubwa cha kugawa.
Hakuchukii. Hata hakujui."

Akanigawia tano.
Sita ya kopa, sita ya pau, tatu, tisa,
na Basha wa uru amekaa katikati
na masharubu yake kama mwenyekiti wa kijiji.
Nikamshika Basha.
Mjomba akanigonga mkononi
kwa mkasi wa kupogolea, ukiwa umefungwa.
"Sita mbili ni ndugu. Basha mmoja ni mgeni.
Ana koti zuri, sawa. Mgeni.
Tupa."

Siku ya pili nikashika jozi,
na ree pembeni, kwa mapenzi tu.
"Huyu umembakiza wa nini?"
Nikasema, mzuri.
Akainuka bila neno, akanipeleka kwenye mstari wa mizabibu,
akanionyesha tawi nene, la kijani, linang'aa,
akalikata.
Halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa linakunywa maji ya wenzake.

Malipo aliyaandika nyuma ya risiti ya kiwanda cha mvinyo
kwa kalamu nyekundu inayokwamakwama.
Tatu za aina moja. Jozi mbili.
Jozi ya Jeki kwenda juu: unarudishiwa chako.
"Kurudishiwa changu," nikauliza, "ndiko kushinda?"
Akacheka kwa pua.
"Waulize wanaopanda uwele."

Mara mia tano niligawa, mara mia tano nikatupa.
Nyumbani, nikichambua mlenda,
nikajikuta nauliza kila jani: shika? tupa?
Mama akanitazama, akatazama sufuria.

Jumamosi bodaboda ikatushusha Majengo,
nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki.
Chumba kimoja. Mashine nne, mbili zimekufa.
Sechelela wa kaunta, mwenye beseni la karanga za kuuza,
hakunyanyua macho.
Nilikuwa na sarafu kumi za mia mbili.

Nilicheza kama nilivyofundishwa.
Mjomba nyuma yangu alihema tu: ndiyo, ndiyo.
Jozi ya Malkia. Hakuna. Hakuna. Jozi ya Jeki. Hakuna.
Kopa nne zikapangana, nikaingoja ya tano
kama tunavyoingoja mvua ya Desemba,
shingo juu, mdomo wazi.
Ikaja pau.
Kumi zikawa nane, zikawa tisa, zikawa nne.

"Nimekosea wapi?"
"Hujakosea."

Nikageuka. Hakuwa ananitazama mimi.
Alikuwa anavitazama vifungo,
mkono wa kulia ameutia mfukoni,
na wa kushoto ameukamata ule wa kulia kwa nje ya suruali
kama mtu anayemzuia mbwa asitoke.

Hapo Sechelela akainua macho.
"Mzee Ndahani. Leo huchezi?"
"Nimeleta mwanafunzi."

Nikakumbuka mawili niliyoyaacha yapite:
kwamba ile ekari mbili anaipogoa kwa ujira wa siku,
ni ya Chidawali,
na kwamba anajua kila shina lilipandwa mwaka gani,
lipi liliugua, lipi alilinywesha kwa kopo
kisima kilipokauka.

Sikuuliza.
Sarafu nne zilizobaki nikanunua karanga.
Tulizitafuna njia nzima, watatu juu ya pikipiki moja,
na kila iliyooza
mjomba aliitema upande wa upepo
bila kuitazama.