Miandiko Sita

Mimba si ugonjwa, waliniambia mashoga zangu
wa Barabara ya Kumi na Mbili, tukichambua mchele.
Kweli. Lakini moyo wangu uliugua kabla ya mimba,
tangu utotoni, homa ya koo iliyoachwa ijiponee:
mlango mmoja wa moyo ukabaki nusu wazi,
kama wa duka siku ya Ijumaa, adhana ikishatoka.

Ngazi za Bombo nilizipanda nikihesabu.
Ya tisa nikakaa.
Bi Mwanakheri, mkunga, akanikuta pale.
Hakuuliza kadi. Aliuliza:
"Usiku unalalia mito mingapi?"
Mitatu, nikasema. Na siku hizi nalala nimekaa.
Akatoa kalamu nyekundu, akaandika mstari mmoja.
Huo ndio mwandiko wa kwanza.

Kila Alhamisi walikutana kwa ajili yangu
chumba cha nyuma, feni mbovu,
chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha.
Nililisikia jina langu likipita kinywa hadi kinywa
kama wazee wa posa wanapopatana mahari,
ila hapa kilichopatanwa kilikuwa pumzi.
Shemdoe wa moyo alitaka wiki ya thelathini na nne.
Daktari Nasikiwa wa uzazi akasema, tungoje.
Mbelwa wa watoto njiti: "Nipeni siku kumi tu,
mapafu yale yajifunze kazi."
Zubeda wa benki ya damu hakusema kitu,
aliandika kundi langu kiganjani mwake.
Walibishana. Nataka hilo lijulikane.
Walibishana mpaka chai ikapoa,
nami nyuma ya pazia nikapata usingizi
wa kwanza baada ya wiki mbili.

Mama mkwe akaja kutoka Duga na kapu la machungwa,
akawatazama wakiingia, wakitoka, wakirudi.
"Wapishi wengi," akaninong'oneza, "huharibu mchuzi."
Mama, nikamwambia, huu si mchuzi.
Jeneza ndilo hubebwa na wengi.
Hawa wamekuja wengi
ili jeneza libaki msikitini, tupu.
Hakujibu. Alimenya chungwa,
akampa mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa karibu.

Saa nane usiku, mvua ya vuli.
Mfagizi, Chausiku, ndiye aliyesukuma kitanda;
lifti ilikufa, yeye ndiye aliyejua mteremko wa nyuma.
Humo kadini hana mwandiko.
Hawakunilaza chali. Walinikalisha
kama mtu anayesukwa nywele,
Singano wa usingizi akanichoma mgongoni polepole.
"Usisukume," Bi Mwanakheri akasema.
"Leo kazi hiyo tuachie sisi."
Mwanamke kuambiwa asisukume!
Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Mtoto alipolia, wote waligeuka.
Chausiku, mlangoni na ndoo yake,
aliachia kigelegele, akakiziba kwa kanga.
Singano peke yake hakugeuka.
Macho kwenye mashine, kidole kwenye mkono wangu,
kwani alijua nisilolijua:
kwamba damu iliyokuwa ya wawili
sasa inarudi kwa mmoja, yote, kwa mpigo,
kupitia mlango ule mwembamba,
na kwamba saa ya vigelegele ndiyo saa yenyewe.
Nikaanza kuzama nchi kavu.
"Sasa," akasema. Neno moja.
Na mikono kumi ikajua pa kwenda.

Sikumbuki zaidi. Nakumbuka asubuhi, harufu ya dettol,
na Mbelwa akisema binti ana kilo mbili na robo
kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Kadi ninayo. Imekunjika, ina doa la chungwa,
miandiko sita, mmoja hausomeki hata kwa mfamasia.
Mwaka jana nilimshika binti mkono,
tukapanda ngazi zile, tukapumzika ya tisa kwa heshima tu,
nikamtafuta Singano.
Hukumwona siku ile, nikamwambia. Mtazame sasa.

Akamtazama, kwa muda mrefu.
Halafu, kwa mazoea,
akanishika mkono mimi,
akatafuta mapigo.