Daftari la Mpanga

Saa kumi na mbili, ukungu bado umelala juu ya maji
kama shuka ambalo hakuna aliyekuja kulianua.
Nashuka ngazi za saruji chini ya daraja, nasoma ubao wa namba:
mita moja nukta nne sifuri.
Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa huu:
mto umepanda, mto umeshuka, sahihi, Birungi.

Lakini yupo anayesaini kabla yangu.
Ngazi ya tatu, pale pale pa jana,
kinyesi kibichi kilichojaa vipande vya magamba ya kaa.
Hivyo ndivyo anavyoandika fisi-maji:
nimepita, nimekula, ukingo huu una mwenyewe.

Waliompa jina la fisi hawakumwona mezani.
Hagusi mzoga.
Anatia mikono chini ya jiwe, anapapasa,
macho yakitazama kwingine kabisa,
kama mama atafutaye sarafu kibindoni
huku anazungumza na jirani.
Kisha kra! Limebaki gando moja, linaelea.

Mwezi wa tano alikuja na watoto wawili.
Wa kwanza aliteleza majini bila kuuliza.
Wa pili aligoma,
akalia kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Mama akamkamata ukosi, akamzamisha,
akamtoa, akamzamisha tena,
hata akasahau kulia, akaogelea.
Nami nikasahau ubao. Nikaandika namba ya jana.
(Wizara isinisikie.)

Kwetu Tooro mtu hasalimiwi bila empaako.
Mama nikamwita Abwooli,
na yule mgomvi, Apuuli.

Rwakaikara ana bwawa la kambare kule juu.
Alinionyesha vichwa vitatu, vichwa tu, kwenye nyasi.
Ana watoto wanne shuleni; sikuwa na neno.
Jumamosi nilimwona akitoka soko la Mpanga
na mtego wa chuma ndani ya gunia,
ukilia kila alipopiga hatua.

Jumatatu, ngazi ya tatu kavu.
Jumanne kavu.
Jumatano mvua ya milimani, mita mbili nukta moja,
maji rangi ya chai ya maziwa, ngazi haionekani.
Alhamisi nilipangusa tope kwa kiatu, nikatafuta
kama aliyeangusha ufunguo.

Ijumaa:
kidogo, cha mtu mdogo,
gamba moja tu ndani yake, jekundu.
Wa Abwooli sikuuona.

Mita moja nukta sita tano.
Na kwenye safu ya maoni, ambayo huiacha wazi,
nikaandika: Apuuli yupo.