Hatua ya Tatu

Disemba kumi na nne, saa mbili asubuhi, kaskazini kabisa mwa Ufini.
Jua halijachomoza na leo halichomozi,
wala kesho, wala Jumapili.
Nimeketi kwenye benchi la kuvulia viatu, mlangoni mwa shule,
daftari magotini, nahesabu watoto wanaosita.

Wote wanasita. Hatua ya tatu baada ya kizingiti
wanakunja nyuso kama waliolamba ndimu:
nje giza totoro, ndani taa kumi na nane, nyeupe pe,
zilizonunuliwa kwa bei ya jumla.
Waliosema macho hayana pazia
hawakufika huku. Yanalo. Limo ndani ya mboni,
hufungwa polepole, halisukumwi.

Oiva, mtunza jengo, miaka thelathini na mmoja juu ya ngazi ileile,
ananiuliza, "Si mlitaka mwanga?"
Namwambia mwanga nao una ngazi.
Tukazima nane. Nne tukazifunika
kwa karatasi ya kuokea mikate
(mpishi aliileta mwenyewe, hakuuliza ya nini).
Mlango ukawa rangi ya chai ya maziwa,
mbele kidogo rangi ya siagi,
na mwisho wa korido, mchana.
Akapita mvulana, soksi moja mguuni, moja mkononi,
hakusita.
Nikaandika: mmoja.

Ukumbi ndio ulionitoa jasho.
Mwalimu mkuu, Hillevi Kantola, husimama jukwaani
chini ya taa moja kali inayompiga utosini.
Macho yake mashimo mawili,
pua imemwaga kivuli hadi kidevuni.
Nani alalamike? Sauti inafika.

Ila Saimi, safu ya pili, husikia kwa macho.
Kila mkutano anachezea zipu ya koti,
juu, chini, juu.
"Mkaidi," walimu waliniambia.
Na mimi, na kipimo changu cha mwanga, na jedwali langu
la sakafu, meza, ngazi, ubao:
hamna mstari wa midomo.
Miaka ishirini ya kazi. Hamna.

Nikaomba taa mbili tu, za pembeni,
juu kidogo ya usawa wa macho,
ya kushoto iwe na nguvu, ya kulia iwe pole,
kivuli cha pua kiende kulala shavuni.
Oiva akapanda, akakaza skrubu, akashuka akiguna.

Ijumaa. Watoto mia mbili na harufu ya soksi mbichi.
Kabla kipaza sauti hakijawashwa
Mwalimu Hillevi akamnong'onezea naibu wake
neno fulani kuhusu supu ya jana.
Ukumbi kimya. Hakuna aliyesikia.

Saimi akaangua kicheko,
peke yake, mkono mdomoni,
zipu imesahaulika katikati ya kifua.

Oiva akanitazama. "Hiyo nayo utaiandika wapi?"
Nikachukua rula,
nikachora mstari chini ya ubao.