Kidole Kwenye Mizani

Miaka thelathini na mmoja Orest Hladun alipima ngano
katika ghala la mbao kando ya reli, nyanda za Saskatchewan,
na hakuna mkulima aliyenena, hata akiwa amelewa,
kwamba kidole chake kiligusa kitanga.

Siku hizi anapima kitu kingine.
Chumba cha chini ya nyumba, tanuri linaguna,
kompyuta nene, rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
na ndani yake mchezo wa reli ambao waliouunda
wameshausahau, kama mtu asahauvyo mwavuli jua likiwaka.
Yeye huchora ramani. Mimi, mpwa wake, huijaribu.
Anajenga, nabomoa.

Ukidhani ni mambo ya kitoto, vuta kiti.
Mpe mchezaji mtaji wa laki tano:
atafilisika kabla theluji ya pili haijayeyuka.
Mpe milioni, na treni zitamchumia mali huku akikoroma.
Laki saba na nusu. Hapo ndipo jasho humtoka.
Mto ukiupanua kwa nukta moja tu
kila mtu atazungukia kusini,
na ile kaskazini uliyoichora wiki tatu
itabaki pambo.
Mpinzani wa mashine usimpe makaa ya mawe mapema:
akili hana, lakini haya pia hana.
Mtunga mashairi atanielewa:
mizani ikizidi moja, ubeti mzima unachechemea.

Nishani ya dhahabu: miji kumi na miwili, kabla ya 1930.
Niliipata nikinywa chai, mkono mmoja.
Mjomba hakuuliza nimeshindaje.
Aliuliza, "Umepitia wapi?"
"Vesna."
Akatazama soksi zake.

Nikaifungua ramani, nikaingia jikoni mwake.
Vesna: nyumba arobaini, na inalipa kama jiji.
Ngano mara mbili. Barua zisizo na waandishi.
Ardhi tambarare kama meza,
hata pale penye kilima nilichokiteleza na sinia la mama
hadi nikavunjika jino.
Vesna, ambako reli iling'olewa nikiwa darasa la nne,
na stesheni ikawa stoo ya viazi,
na kibao cha jina kinaning'inia sasa hivi
juu ya tanuri, hapa, kimepigwa msasa, kimepakwa rangi upya.

Nikamwambia, "Mjomba, umeweka kidole kwenye kitanga."

Tanuri lilizima. Likakaa. Likawaka.
Hakunijibu. Nilivaa buti, nikaenda zangu.

Siku ya nne ikanifikia ramani ya kumi na tisa.
Vesna: mashamba mawili, bei ya kawaida,
na kilima kimerudi mahali pake, kikali kuliko nilivyokikumbuka.
Reli ya kufika pale inakula elfu themanini na nne
na hairudishi hata senti mpaka mwaka wa kumi na moja.
Hakuna nishani inayoidai.
"Atakayeifikia," aliniambia kwenye simu,
"aifikie kwa kupenda."

Nilishinda bila Vesna. Dhahabu, mwaka mmoja mkononi.
Usiku huohuo nikaanza tena, na nikaijenga,
nikauza hisa, nikaazima kwa riba ya kukausha koo,
nikapata fedha, si dhahabu.

Jumapili nikamwonyesha.
Injini ndogo, behewa moja, inapanda kilima,
moshi wake vinukta vitano vya kijivu.
Aliinama karibu na kioo hadi pumzi ikakitia ukungu.
Akakifuta kwa mkono wa sweta.
"Inachelewa," akasema.
"Ilikuwa inachelewa siku zote."

Kisha akaniuliza kama nitakula mkate na figili,
na kabla sijajibu
alikuwa ameshashika kipanya,
anausogeza mto wa kaskazini
nukta moja, akiurudisha,
nukta moja.